Kwato za Mfalme Kobe

Mkono ulikuwa mtupu. Niliisogelea televisheni mpaka miwani yangu ikakaribia kugonga kioo, nikamwambia Leila arudishe nyuma kidogo, akarudisha, nikatazama tena, na mkono wa yule askari wa mapepo ulikuwa mtupu vilevile, umepakwa udongo kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, bila kitu chochote juu yake. Leila ni mjukuu wa shoga yangu Zuhura. Kiswahili anakisikia chote, ila hukijibu kwa Kiingereza. Ni yeye aliyetutafutia filamu hiyo ya zamani, akaiweka kwenye televisheni kubwa ya sebuleni kwa bibi yake, hapa Beltsville, ughaibuni, mbele yetu sisi wazee tuliokusanyika siku hiyo, akatuambia tuna bahati. "It's the new version, Bibi. They fixed all the mistakes." Wameyatengeneza makosa yote! Nani aliwatuma? Nilimgeukia Zuhura, nikamkuta ameukamata ushungi wake kwa mikono miwili, nikajua naye ameona. Saa haipo. Na sauti je? Tukasikiliza. Sauti nayo haipo. Mahali pake wameweka ngurumo, ngurumo safi ya kitaalamu, isiyosema neno lolote kwa mtu yeyote. Sasa ili ieleweke kwa nini vikongwe wawili waligombana na televisheni siku ya watu kula biriani, sina budi kurudi kwenye mwaka mmoja, na kwa kweli narudi kwa furaha, maana sikumbuki mwaka mwingine niliocheka vile.

Mwaka ule wa themanini na tano mimi na Zuhura tulikuwa tukiishi Takoma Park, katika fleti ya ghorofa ya tatu iliyokuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinaamkiana kabatini. Radieta ya sebuleni, lile bomba la kupasha nyumba joto, ilikuwa na ugonjwa wake: ikipata moto inagonga, ko-ko-ko, kama mgeni aliyesahauliwa mlangoni, na kwa kuwa hatukujua kuizima tulikuwa tukifungua madirisha huku nje theluji inaanguka. Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ilikuwa Bladensburg, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, nikisoma prufu za lebo za mikebe, kadi za harusi na ratiba za ibada za makanisa. Nililipwa ili kukamata makosa kabla hayajapigwa chapa, na sijawahi kupata kazi iliyonikaa mwilini kama ile, kwa sababu tangu zamani mimi huona doa la kanzu kabla sijamwona aliyeivaa. Zuhura alitoka Lamu. Yeye alikuwa akiosha vyombo vya kioo kwenye maabara za kituo cha utafiti wa kilimo, na alikuwa mpole, mwenye mikono ya taratibu, aliyekisema Kiamu chake bila kukipunguza hata chembe. Leo kwake ni yeo, jana ni yana, njia ni ndia. Nilikuwa nikimcheka, naye akinijibu kwamba sisi watu wa Tanga tunasema kama watu wanaokimbizwa.

Siku hizo habari za nyumbani zilikuja kwa kanda. Mama yake Zuhura, Bi Khadija, hakuwa akiandika. Aliwekewa redio kaseti mbele yake akazungumza, na kanda ikaletwa na yeyote aliyekuwa anasafiri. Tulizisikiliza mezani tukila, na pamoja na maneno yake tulisikia kijiko kikikoroga, kuku wakifukuzwa, mtu akipita uchochoroni na kusalimu. Kanda iliyofika mwanzoni mwa mwaka ule haikuwa na kuku. Miaka mitatu nyuma, mdogo wake Zuhura, Athman, aliondoka Lamu akawa utingo wa lori la kwenda kaskazini, na lori lile likachukuliwa na mafuriko ya ghafla kwenye mto uliokuwa mkavu tangu asubuhi. Wengine walipatikana wakazikwa. Athman hakupatikana, wala hakuandika. "Ami zako wataka kumsomea khitma," Bi Khadija alisema kwenye kanda. "Mimi simsomei khitma mtoto ambaye sikumzika. Lakini nimechoka kubishana peke yangu, Zuhura. Wamesema ukiandama mwezi wa Shaaban wataisoma, nitake nisitake." Zuhura alikirudisha kipande hicho akakisikia tena, kisha akanyanyuka na sahani yake ya tambi kabla hajaigusa. Tangu siku hiyo alikuwa akitoka kazini anakaa na koti lake mwilini, sebuleni, kama mtu anayengoja kuitwa.

Ni kwa ajili ya kumchangamsha ndipo Njoroge alipoanza kuleta video. Njoroge alikuwa mwanafunzi kutoka Nairobi, kijana mrefu aliyeishi jengo la pili, akitupenda sana sisi dada zake na akipenda zaidi pilau yetu. Alikuwa amenunua mashine ya video iliyotumika, nzito kama jiwe la kusagia, na pamoja nayo kanda moja iliyotupwa kwenye sanduku la duka la kukodisha kwa sababu hakuna aliyeitaka. Papa Kasongo naye akapanda. Huyu alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Lubumbashi, aliyeishi chini yetu kabisa. Kila Jumapili baada ya misa yake alikuja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, na kiti chake mwenyewe, kwa kuwa hakuamini viti vya watu. Filamu ilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hatukulitumia hata siku moja. Sisi tuliiita Mfalme Kobe, kwa sababu ya kofia ya chuma ya yule mfalme, iliyomfunika mpaka mabegani akabaki akitoa kichwa na kukirudisha. Binti yake ameibwa na jeshi la mapepo ya udongo, naye anavuka jangwa kumfuata, kuna joka, kuna mchawi wa kike mwenye kucha za fedha. Papa Kasongo aliiamini yote. Hata mara ya tano bado alikuwa akitunyamazisha: "Munyamaze! Miye nataka kujua kama mutoto wa mufalme atapona!"

Mimi ndiye niliyeanza. Mara ya pili tu nilishindwa kuvumilia. Mfalme Kobe ana kovu shavuni; anaingia pangoni kovu liko kushoto, anatoka liko kulia. "Kwato!" nikapiga kelele. Njoroge hakuelewa, Zuhura ndiye aliyemweleza: kwetu pwani jini hujigeuza mwanamke mzuri wa kupindukia, hariri, wanja, manukato, mtu ukapumbaa, lakini mtazame miguuni, kwato hawezi kuzificha. Basi kila kosa la filamu likaitwa kwato, na mchezo ukawa na sheria zake. Anayeona anapiga ukelele, kanda inasimamishwa, anathibitisha mbele ya wote. Akishindwa, vyombo vyote vya Jumapili ni vyake. Jamani, tulivyoshikana mashati! Njoroge aliona alama za tairi za gari katikati ya jangwa ambalo halijapata kuvukwa na binadamu. Papa Kasongo, ambaye mwanzoni aliudharau mchezo wetu, aliona kivuli cha gari la kupigia picha kikimfukuza farasi wa mfalme, akasimama juu ya kiti chake cha thamani akitangaza kwamba bale bantu ba filme beko bajinga. Mimi nilikamata kikombe cha mvinyo kinachojaa chenyewe mezani, na farasi mweupe aliyelala mweupe akaamka na baka. Nikamkamata na yule mchawi wa kike: aliuawa mbele ya macho yetu, akachomwa, majivu yakapeperushwa, kisha kwenye harusi ya mwisho, kule nyuma, anacheza ngoma. Siku hiyo Zuhura alicheka mpaka akavua koti. Naye alikuwa na jicho lake, jicho la vitu vidogo: nywele za binti mfalme zilikuwa na misuko minne alipotekwa na mitatu alipookolewa, na nani atamsuka mateka? Nilikuwa natoka kazini Jumatatu nikiwa bado nacheka ndani ya basi.

Basi Jumapili moja, theluji ikiyeyuka na kudondoka kwenye madirisha, Njoroge alikuwa ametulia mno. Hakugusa hata mandazi. Filamu ikafika kwenye vita vya alfajiri: jua linachungulia juu ya mchanga, mapepo ya udongo yanateremka mlimani, nyuso zao zimefunikwa vinyago, na mmoja aliye mbele anainua mkuki na kupita karibu kabisa na kamera. Njoroge akaruka. "Kwato! I-pause! I-pause hapo!" Nikabonyeza. Picha ikasimama ikitetemeka, ina mistari juu na chini, lakini katikati, kwenye mkono wa pepo, palikuwa na saa. Saa ya mkono, ya mkanda wa chuma, inang'aa kwenye udongo. Tulipiga kelele kama watu waliofunga bao. Bahati njema jirani wa chini tulikuwa naye. "Na si moja, ni mbili!" Njoroge alisema akikimbilia kioo. "Two in one! Angalieni mishale. Jua ndio linatoka, na mshale mfupi uko kwenye moja. Yaani wali-shoot saa saba mchana, wakatu-cheat ni asubuhi!"

"Ile saa imekufa," Papa Kasongo akakubali. "Jua linatoka, saa inasema moja? Haiwezekane."

Mimi, hakimu wa mambo hayo, nilikuwa tayari kumpa zote mbili. Zuhura akasema, "Ya kwanza ni yako. Ya pili si kwato."

"Dada Zuhura, wacha hizo. Uta-confuse watu."

"Tazama vivuli, Njoroge, vilivyo virefu. Ni asubuhi kweli. Saa moja ya asubuhi, saa yako huonyesha nini?"

"Saba. Si kila mtu? Inaonyesha saba, unasoma moja. Hesabu unafanya kichwani."

"Kwenu. Kwetu hatufanyi hesabu. Mshale huwekwa palepale pa saa yenyewe. Jua likiwa pale lilipo, saa ya baba yangu ilionyesha moja, si saba." Nami nikakumbuka saa ya msikiti wa mtaani kwetu Tanga, iliyowekwa hivyohivyo, ikimchanganya kila mgeni. Nikasema kwa mzaha, "Basi pepo huyu ni Mswahili," na tukacheka, isipokuwa Zuhura. Yeye alikuwa amesogea mbele ya kiti. Aliomba kanda iachwe iende, na sauti ipandishwe. Kwa kawaida vita vile tulivishusha sauti kwa sababu ya ngoma zake na kwa sababu ya radieta, kwa hiyo mapepo hatukuwa tumewahi kuyasikiliza. Nikapandisha. Yule mwenye saa akainua mkuki, akatoa sauti nzito ya kukwaruza. Chini ya picha pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba mifupa ya wafalme ni mali ya usiku.

"Amesema mayai!" Njoroge akajitupa sakafuni. "Aki, huyu jamaa anataka mayai!"

Na mimi nilikuwa nimesikia hivyohivyo: tupeni mayai. Jeshi la kuzimu limetoka alfajiri yote ile kudai kifungua kinywa! Papa Kasongo alikuwa akifuta machozi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ndipo nikasikia Zuhura anasema kitu, kwa sauti ndogo, na nikamwashiria Njoroge anyamaze.

"Si mayai," alisema. "Asema: yua kali, tupeni mayi."

Jua kali, tupeni maji. Mimi niliyeishi naye, niliyekuwa nikiombwa mayi ya kunywa kila siku mezani, mimi ndiye niliyesikia mayai! Nikairudisha kanda. Safari hii hata Njoroge alisikia. Yua. Mayi. Hakuna watu wengine duniani wanaosema vile isipokuwa watu wa visiwa vile vya Zuhura na jirani zao. "Ni mtu wa Lamu," nikasema. Zuhura alikuwa amesimama, ameweka kiganja kwenye kioo cha televisheni, palepale penye kinyago. "Ni Athman," akasema. "Hiyo ni sauti ya Athman. Na saa ile ni ya baba, aliyomwachia." Sikumbuki nani aliifunga televisheni. Nakumbuka tulikuwa wote wanne tumesimama na hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake.

Nitasema nilivyohisi: niliogopa. Kazi yangu ilikuwa imenifundisha kwamba jicho husoma linachotaka kusoma, ndiyo maana kosa hupita mbele ya watu kumi. Saa za mkanda wa chuma ni nyingi, vijana wa Lamu ni wengi, na sauti ndani ya kinyago ni sauti ndani ya kinyago. Nikamwambia hivyo, wazi. Zuhura hakuwahi kunikasirikia kabla ya siku ile. "Wewe huona makosa ya kila mtu, Rehema," akasema. "Yeo nakuonyesha jambo la sawa, huliamini." Njoroge ndiye aliyetuokoa. Aliipeleka kanda mbele mpaka kwenye majina ya mwisho, yale ambayo hakuna mtu huyasoma, tukayasoma yote, na humo wenye filamu waliwashukuru wenyeji wa kaskazini ya Kenya, na chini kabisa palikuwa na mwaka, kwa namba za Kirumi. Njoroge aliuhesabu kwa vidole, akauhesabu tena. Filamu ilipigwa miaka miwili baada ya mafuriko. Kama yule ni Athman, basi alitoka mtoni mzima. Papa Kasongo akafanya ishara ya msalaba, akaenda kuwasha jiko bila kuombwa.

Tulipiga simu Lamu, kwenye duka la jamaa yao, na simu ikapokewa na ami mkubwa. Sauti yake ilikuja na kuondoka, lakini hasira haikupotea njiani. "Mwataka tusimamishe khitma kwa sababu ya sinema ya mashetani?" Zuhura akanisukumia simu. Nikauchukua mkono wa simu nikamwambia, mzee wangu, shikamoo, hatutaki mtuamini sisi, tutaileta sauti, mamake asikilize, aseme mwenyewe. Tukadhani simu imekatika, kisha nyuma yake tukamsikia mwanamke akipaza sauti: "Nileteeni hiyo sauti!"

Sijapata kuona kazi ya ufundi yenye vurugu kama ile. Tulizima friji. Tulingoja treni ipite. Papa Kasongo alituamuru tusipumue, kisha akakohoa yeye mwenyewe na kuiharibu mara ya kwanza. Njoroge alipiga magoti akishika redio kaseti kwenye spika ya televisheni kama anayemnywesha mtoto uji, mara ya pili pepo likainua mkuki, na kijana wa watu, kwa mazoea tu, akapiga ukelele: "Kwato!" Tulitaka kumpiga. Tulicheka kwanza, kisha tukataka kumpiga. Mara ya tatu ilitoka safi, ukiacha radieta, ambayo haikuwa na adabu. Na hapo nikaweka sharti langu. Nilisema tusimpe Bi Khadija sauti moja na kumwambia huyu ndiye. Tumwekee sauti za mapepo watatu wa vita vile, mmoja baada ya mwingine, bila neno letu lolote, achague. Zuhura akakubali. Kanda ikaondoka ndani ya mkoba wa nesi mmoja aliyekuwa anakwenda Mombasa kwenye harusi ya dadake.

Tukangoja. Zuhura hakuvaa tena koti ndani ya nyumba, lakini alivunja bilauri mbili kazini, yeye ambaye hakuwahi kuvunja hata moja. Miti ikatoa majani. Mimi nilipitisha kosa kwenye kadi ya harusi, jina la bwana harusi lenyewe, na bosi akaniuliza kama naumwa. Jumapili tulikula pamoja kama kawaida na hakuna aliyegusa video. Mwezi wa Shaaban ukaandama na bado hatujasikia kitu. Simu za duka zilikuwa hazipiti, na hatukujua kama khitma imesomwa au la. Ndipo mwanafunzi mmoja aliyetoka Mombasa akagonga mlango akiwa na kanda mfukoni mwa shati. Tulikuwa mezani, sote wanne, maharage na mkate. Zuhura aliiweka mwenyewe.

Bi Khadija alianza na bismillahi, akatusalimu sote kwa majina yetu, hata Papa Kasongo, ambaye alikaa wima aliposikia lake. Kisha akasema: "Huko kwenu kuna mtu yuwagonga mlango tangu mwanzo wa kanda mpaka mwisho. Mfungulieni, hata kama ni wa deni." Njoroge alibana pua asicheke. "Nimewasikia hao watu wenu. Wa kwanza si mtu wa kwetu. Wa pili ni ng'ombe. Wa tatu ni mwanangu." Zuhura alifumba macho. Aliyekuwa wa tatu ndiye mwenye saa. "Nimewasikizisha ami zako, nao wamesikia, wamenyamaza. Khitma haisomwi. Binamu yako amepanda gari kwenda huko kaskazini kumtafuta." Tulikuwa tumeshaanza kusimama, tulitaka kushangilia, lakini kanda ilikuwa bado inazunguka, na sauti yake ilipokuja tena ilikuwa imebadilika. "Lakini Zuhura, wewe na hao wenzio, nawauliza. Mumemsikia mtoto yuwaomba mayi. Mumemrudisha nyuma, akaomba tena, mkamrudisha, akaomba tena. Na nyote mumeketi. Hakuna hata mmoja aliyesimama kumpa?"

Papa Kasongo alilia waziwazi. Zuhura alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mkate ukiwa mkononi, na mimi nilijisikia furaha ambayo sikujua niipeleke wapi, nikaenda kuipiga teke radieta.

Binamu alimpata. Athman alikuwa akipika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, si mbali na jangwa lile la filamu. Mto ulimtupa ng'ambo akiwa hai, na mwenye lori, rafiki yake wa utotoni, akafa humo. Alishindwa kurudi mtaani na kumtazama mama wa mwenzake usoni, akaiahirisha siku ya kurudi mpaka ikawa miaka. Alirudi Lamu mfungo mosi, na jambo la kwanza aliloambiwa na mamake, alituhadithia mwenyewe kwenye kanda yake, lilikuwa: kunywa mayi. Kuhusu filamu alikuwa na maelezo mafupi. Waliwekwa juani kutwa, wamepakwa udongo, wakaambiwa wapige makelele yoyote ya kutisha, naye akapiga yaliyokuwa moyoni mwake. Saa alisahau kuivua. Hiyo tu. Baadaye alifungua duka la vyombo vya nyumbani, akaoa, akawa na wajukuu, akanenepa, na kila nilipokwenda Lamu na Zuhura alinisalimia kwa kunyoosha mkono wenye ile saa, akiuliza, "Rehema, kwato iko wapi?"

Alifariki mwezi uliopita, kitandani kwake, usingizini. Ile biriani niliyoitaja mwanzoni ilikuwa ya khitma yake. Imesomwa sasa, Lamu na hapa Beltsville siku hiyohiyo, kwa haki yake na wakati wake. Na baada ya dua Zuhura alitaka jambo moja tu, amwone nduguye kijana, akiteremka ule mlima. Na wenye filamu walikuwa wameshamfuta. Wamemrudishia Kobe kovu lake mahali pamoja, wamefuta tairi, wamemnyima mchawi ngoma ya harusi. Jini amekatwa kwato, kabaki uzuri mtupu. Sikumbishia mtu. Nilimpa Njoroge, ambaye sasa ana kipara na magoti mabaya, ufunguo wa nyumba yangu, nikamwambia kabati la shuka, rafu ya chini. Alirudi na kanda, na kutoka gereji yake mashine ileile, nzito kama zamani. Wakahangaika na nyaya, yeye na Leila. Kiti cha Papa Kasongo, Mungu amrehemu, kipo kwa Zuhura mpaka leo, hatukukikalia.

Picha ilikuja na mistari juu na chini. Jua likachungulia. Mapepo yakateremka, na yule wa mbele akainua mkuki, na saa ikang'aa mkononi mwake, saa moja na kitu, asubuhi kabisa. Hakuna aliyepiga ukelele. Njoroge alijiziba mdomo kwa kiganja. Sauti ikatoka, ya kukwaruza, ya kijana, na Leila akageuka.

"Bibi, why does he want mayai?"

"Si mayai!" tukasema sote watatu, na chumba kizima kikacheka. Zuhura alingoja kicheko kiishe. Alikuwa hajaondoa macho kwenye kioo.

"Ni mayi, mwanangu," akasema. "Ana kiu. Mletee."

Leila alimtazama bibi yake, akanitazama mimi. Kisha akasimama, akaenda jikoni, tukasikia mfereji ukifunguliwa.